Barua Imfuate Mwenyewe
Ilani ya watumiaji wa barua pepe wa Dodoma na Kanda ya Kati

Ndugu zetu wa Dodoma, Singida, Manyoni, Kondoa, Mpwapwa na Kongwa,

Tunaanzisha harakati kwa ajili ya kitu ambacho wengi wenu hamjawahi kukifungua: ile sehemu ya mipangilio ya barua pepe inayoruhusu barua zako zipelekwe zenyewe kwenye anwani nyingine. Wapo waliowekewa pale anwani ya mtu mwingine bila kujua. Wapo walioifungua wakakuta imezuiwa na ofisi ya TEHAMA, bila neno la maelezo. Msimamo wetu ni huu: barua iliyoandikwa kwa jina la mtu ni ya mtu huyo, na yeye ndiye wa kuamua iende wapi baada ya kumfikia. Asiyekuwa yeye hana haki ya kuielekeza kwa siri. Asiyekuwa yeye hana haki ya kumzuia kimyakimya.

Harakati hii inaanzia hapa kwa sababu Dodoma ni mji wa watu waliohama. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yaje hapa, lakini msukumo mkubwa ulikuja baada ya Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kuwa Serikali yake inahamia Dodoma kweli. Wizara zikaja, Mtumba ikaota majengo ya Serikali, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikatangazwa kuwa jiji. Kila mtumishi aliyepanda basi kutoka Dar es Salaam aliacha anwani nyuma yake. Wanafunzi nao wanamiminika UDOM, St. John's, Chuo cha Mipango, CBE na Hombolo, wanakaa miaka miwili au mitatu, kisha wanatawanyika nchi nzima. Mji wa namna hii ukiwa na barua zisizomfuata mwenyewe, unakuwa na watu wanaopitwa na usaili, na mirathi, na ada za mwisho, na majibu ya maombi waliyoyasubiri mwaka mzima.

Na kanda hii ina uzoefu wa siku nyingi wa kupokea barua kwa mkono wa mwingine. Familia nyingi za vijijini hazikuwa na sanduku lao posta. Barua ilikuja kupitia S.L.P. ya shule, ya parokia, ya zahanati. Mwalimu mkuu alirudi kutoka mjini na fungu la bahasha, majina yakasomwa mstarini, mtoto akapeleka nyumbani. Utaratibu huo ulikuwa na matatizo yake, lakini ulikuwa na jambo moja tunalolitaka leo: kila mkono uliopitisha barua ulijulikana ni wa nani, na bahasha iliyofunguliwa ilionekana imefunguliwa. Barua pepe ikielekezwa haichaniki popote. Ya kwanza inabaki kwako kama kawaida, nakala inakwenda kwa mtu wa pili, na wewe huoni chochote kilichopungua.

Tuwaeleze kinachotokea mitaani, maana wakubwa wengi hawakioni. Kaa kidogo kwenye steshenari iliyo karibu na stendi. Anaingia dereva kutoka Manyoni, ana leseni yake na vyeti kwenye bahasha ya kaki, anataka kuomba nafasi ya udereva iliyotangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Mfumo wa maombi unadai barua pepe. Hana. Kijana wa kaunta anamfungulia papo hapo: jina, nukta, mwaka wa kuzaliwa. Nywila anaitunga kijana mwenyewe, mara nyingi ile ile anayowapa wateja wote, anaiandika kwenye kipande cha karatasi na tena kwenye daftari kubwa la kaunta, lile lenye jalada gumu. Panapodaiwa namba ya simu ya kurejeshea akaunti, anaweka yake, kwa sababu simu ya dereva imeisha chaji. Dereva analipa, anashukuru, anarudi Manyoni. Kuanzia hapo kikasha chake kina wenyewe wawili, na mmoja wao hata hajui kwamba nywila imebaki pia kwenye daftari.

Kijana huyo si mwizi. Anajua kabisa kwamba baada ya mwezi dereva atarudi akiwa amesahau nywila, na daftari ndilo litakalomwokoa. Tunamheshimu, maana bila steshenari maelfu ya watu wa kanda hii wasingepata kazi, mkopo wala cheti cha biashara. Lakini daftari lile linaweza kuchukuliwa na yeyote anayekaa kaunta siku hiyo. Akishaingia kwenye akaunti anahitaji dakika mbili tu: anafungua mipangilio, anaandika anwani yake, anahifadhi, anatoka.

Hapa kuna mambo matatu ambayo kila mwanachama wetu lazima aweze kumweleza jirani yake.

La kwanza, kwenye Gmail, ambayo ndiyo wengi wetu tunaitumia, uthibitisho wa kuelekeza barua unatumwa kwa anwani inayopokea. Google inataka kuhakikisha kwamba mpokeaji amekubali kuletewa barua, na hiyo ni busara kwa upande wa mpokeaji. Anayeporwa barua anapata tangazo juu ya kikasha chake kwa wiki ya kwanza tu, kisha tangazo linatoweka na barua zinaendelea kwenda. Pili, programu ya Gmail ya kwenye simu haina sehemu ya kuweka wala kuondoa mwelekezo huo. Inabidi ufungue kwa kompyuta. Fikirini maana yake kwa nchi ambayo watu wengi hawajawahi kuingia kwenye barua pepe yao ila kwa simu. Chombo pekee walichonacho hakiwaonyeshi mlango ulioachwa wazi. Na tatu, kubadili nywila hakufuti mwelekezo. Mtu anahisi vibaya, anabadili nywila, anapumua, na barua zake zinazidi kumfikia yule yule.

Wezi wakubwa wa dunia wanalijua hili tangu zamani. Novemba 2020 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kwa makampuni kuhusu matapeli wanaoingia kwenye vikasha na kuweka kanuni za kuelekeza barua, ili wasome ankara na maagizo ya malipo kisha waandike barua ya uongo yenye akaunti yao ya benki. Hapa kwetu tunamjua binamu wa utapeli huo: ule ujumbe wa kutaka hela itumwe kwenye namba nyingine. Kwa ujumbe ule TCRA ilitupa namba ya kuripoti, 15040, na watoto wa shule wanaijua. Kwa barua pepe inayovuja hatuna hata tangazo moja la redio.

Haya hayafanywi na wageni peke yao. Yanafanywa na mume anayetaka kusoma barua za mkewe, na mwajiri wa duka aliyemfungulia msaidizi wake akaunti, na ndugu anayefuatilia mirathi ya mwenzake. Katiba yetu ya 1977 inalinda mawasiliano binafsi ya mtu katika ibara ya 16, na ibara ya 18 inampa uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Haikutoa msamaha kwa ndoa wala kwa undugu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kosa kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa na kunasa mawasiliano yake, na kwa usomaji wetu, anayeweka anwani yake kwenye mipangilio ya mwingine kwa siri anayafanya yote mawili.

Sasa tugeukie upande wa pili, kwa kuwa ukiishia kwenye wizi utadhani dawa ni kufunga kila kitu. Na ndivyo wengi wanavyofanya. Tangu 2020 Microsoft imeweka mpangilio wake wa awali kwa taasisi hivi kwamba barua haziwezi kuelekezwa zenyewe nje ya taasisi mpaka msimamizi aruhusu. Tunaelewa sababu yake. Lakini wasimamizi wengi hawaruhusu wala hawakatai. Wanaacha ilivyokuja, na mtumiaji anabaki kubahatisha.

Baadhi yetu tulimaliza chuo tukiwa tumeandika anwani ya chuo kwenye maombi ya kazi, kwenye maombi ya ufadhili, kwenye mawasiliano na wasimamizi wa tafiti. Siku anwani ilipofungwa hatukuambiwa, na waliotuandikia hawakujua kama tumesoma au la. Chuo kikiulizwa kinasema nafasi ya kuhifadhia imekwisha, na ni kweli kwamba Google ilifuta hifadhi isiyo na kikomo kwa taasisi za elimu, ikaweka terabaiti 100 za kugawana kwa chuo kizima kuanzia 2022. Lakini kuelekeza barua hakuhitaji ghala. Barua inaingia, inapita, inakwenda kwa mhitimu. Chuo kinaweza kufuta kila kilichomo kwenye kikasha na bado kikaacha anwani ikipitisha barua kwa mwaka mmoja au miwili bila mzigo wa maana.

Nchi hii imekwisha kubali kanuni tunayoidai, ila kwenye simu. Tarehe 1 Machi 2017 TCRA ilianzisha huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Unakwenda kwa mtandao unaoutaka, unatuma neno HAMA kwenda 15080, namba inakufuata. Kabla ya hapo aliyechoka na mtandao wake alibaki nao kwa sababu moja tu, kwamba watu wote walimjua kwa namba ile. Barua pepe haiwezi kuhama namna hiyo, kwani kipande kinachofuata alama ya @ ni jina la mwenye mfumo, iwe Google au chuo au kampuni. Kwa hiyo kwa barua pepe, kuelekeza ndiyo HAMA pekee tuliyonayo. Anayeizima amemnyima mtu haki ambayo Serikali ilimpa kwenye simu miaka mingi iliyopita. Majirani zetu Kenya waliandika kwenye sheria yao ya ulinzi wa data ya 2019 haki ya mtu kuchukua taarifa zake na kuzihamishia kwingine. Tunataka haki kama hiyo isemwe waziwazi na hapa.

Tunajua swali litakalotoka Mtumba: je, afisa wa wizara naye aelekeze barua za ofisi kwenye Gmail yake? Hapana, na hatusiti kusema hapana. Yeyote aliyepita masjala anaelewa kwa nini. Barua ikiingia inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaandikwa kwenye rejesta, inapewa folio, inawekwa kwenye jalada, na jalada likitoka linasainiwa na anayelichukua. Barua iliyoandikwa kwa Katibu Mkuu au kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri ni ya cheo, si ya mtu aliyekalia kiti hicho mwaka huu. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 ilitungwa ili kumbukumbu za umma zisipotee mikononi mwa watu, na Serikali imejenga mfumo wake wa barua pepe chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, wenye anwani zinazoishia na go.tz. Afisa anayezipeleka barua hizo kwenye kikasha chake binafsi amezitoa nje ya masjala. Azuiwe, na tutakuwa wa kwanza kuunga mkono.

Ila azuiwe kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, siku anapokabidhiwa anwani. Na pale anapohamishwa au kustaafu, asikatwe kama umeme. Kwenye kikasha kile kile cha kazi kulikuwa kunaingia barua za chama cha wafanyakazi, za SACCOS, za mfuko wa hifadhi ya jamii. Tunadai miezi mitatu ya jibu la moja kwa moja litakalomwambia kila anayeandika: mambo ya ofisi mwandikie mwenye cheo sasa, anwani hii hapa, na kama unamtafuta yeye binafsi, anapatikana kule. Jibu hilo halitoi siri yoyote ya Serikali. Linaokoa barua za pande zote mbili.

Mpaka wetu basi uko hapo. Barua ya cheo inabaki na ofisi. Barua ya mtu inamfuata mtu.

Kuna ukweli wa kiufundi ambao lazima tuuseme hata kama unatutia ugumu. Barua zinazoelekezwa hupotea. Benki, tuseme, hutangaza orodha ya mashine zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Utaratibu huo unaitwa SPF. Barua ya benki ikifika kwenye mashine ya chuo na kusukumwa mbele kwenda Gmail, Gmail inaona barua inayodai kutoka benki lakini imeletwa na mashine ya chuo, ambayo haimo kwenye orodha. Sahihi ya kidijitali iitwayo DKIM inaweza kuiokoa kama haikuguswa njiani. La sivyo inatupwa kwenye taka au inakataliwa kabisa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti hayo kwa wanaotuma barua nyingi. Zipo njia za kulitatua, SRS ya kuandika upya anwani ya bahasha na ARC iliyotangazwa kuwa kanuni ya majaribio mwaka 2019, na mafundi wa vyuo vyetu wana uwezo wa kuziweka. Tunachodai kwao ni vitu viwili: nakala ibaki kwenye kikasha cha kwanza, maadamu kikasha hicho bado kipo, mpaka mwenyewe aseme ifutwe, na barua ikikataliwa kule mbele, mwenyewe aambiwe. Leo anayepoteza barua ndiye wa mwisho kujua, na mara nyingi hajui kabisa.

Tunadai pia uwezo wa kuchagua. Mstaafu wa Mpwapwa anayetaka barua za mfuko wa pensheni zimfikie binti yake Mwanza, ili amsaidie kuzifuatilia, asilazimike kumpelekea binti huyo kila barua aliyo nayo duniani. Mwelekezo uweze kuwekwa kwa mtumaji mmoja, kwa muda fulani, na uishe wenyewe muda ukifika. Kila mwelekezo uliopo uonekane kwenye ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, kwenye simu, si kwenye wiki ya kwanza tu bali siku zote ungali hai. Na anayebadili nywila aulizwe hapo hapo: barua zako zinakwenda pia kwa anwani hii, unaitambua?

Wapo watakaosema watu wetu hawaelewi mambo haya, bora wafungiwe kwa usalama wao. Maneno hayo yanatuuma. Mama lishe wa Majengo anabonyeza *150*00#, anafuata menyu hatua kwa hatua, analipa LUKU, anatuma ada Iringa na kuangalia salio, na hakuna aliyempeleka semina. Alielewa kwa sababu menyu iliandikwa kwa lugha yake, na kwa sababu ilimwambia hela inakwenda kwa nani kabla hajathibitisha. Mpeni ukurasa wa barua pepe wa namna hiyo muone kama atashindwa.

Kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunakuja na ombi rasmi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu ajisajili na azilinde. Tunaomba Tume itoe mwongozo mfupi kwa steshenari na vituo vya intaneti: nywila aandike mteja mwenyewe, namba ya kurejeshea akaunti iwe ya mteja, na kusiwe na daftari. Tunaomba mwongozo huo uje kama mafunzo kwanza. Vijana wa kaunta wakianza kukamatwa, watu wa vijijini ndio watakaobaki bila wa kuwafungulia.

Kwa vyuo vya kanda hii tutaandika barua moja kwa kila kimoja, tukidai mhitimu apewe angalau mwaka mzima wa kuelekezewa barua, na aambiwe tarehe ya mwisho kabla hajavaa joho.

Sisi wenyewe tumejipa kazi na tumejiwekea masharti. Mwanachama hagusi nywila ya mtu. Mteja ndiye anayeandika, sisi tunageuza uso. Tutakaa kwenye steshenari zitakazotukubali, tukiwa na kompyuta, na kumwonyesha kila anayetaka mahali pa kuangalia: alama ya gurudumu juu kulia, kisha mipangilio yote, kisha sehemu ya kusambaza barua, kisha vichujio, kwa kuwa mwelekezo unaweza kujificha kwenye kichujio pia. Akikuta anwani asiyoijua, apige picha ya skrini kwanza kabla ya kuifuta, maana ndiyo ushahidi wake polisi. Kisha abadili nywila, aweke namba yake ya simu, na aondoe vifaa vyote vilivyobaki vimeingia.

Mwenye steshenari aliye tayari kuachana na daftari awape kwanza wateja wake muda wa kubadili nywila. Tutamsaidia kuwapigia simu mmoja mmoja. Tukimaliza naye, tutamwandikia bango la Kiswahili la kubandika kaunta, na jina la steshenari yake tutalitangaza kwa fahari.

Hakuna kiingilio wala ada ya uanachama. Tunaanza Jumamosi, steshenari za kuzunguka soko la Majengo, kisha Sabasaba, kisha barabara ya kwenda chuo kikuu. Njooni na simu zenye chaji. Kompyuta tutakuja nazo sisi.